Pesa zilizoingia benki, mapato yasiyojulikana: Kwa nini KRA na walipakodi wanavutana kuhusu stetimenti

Barua yenyewe huwa fupi. Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, humwandikia mlipakodi kwamba imepitia akaunti zake za benki, imejumlisha pesa zote zilizoingia kwa mwaka, imezilinganisha na mapato aliyotangaza kwenye mtandao wa iTax na imeona pengo. Pengo hilo inalichukulia kuwa mapato ambayo hayakutangazwa. Hufuata hesabu ya kodi, adhabu ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliopita. Mlipakodi anazo siku 30 za kupinga.

Kesi za namna hii zimekuwa za kawaida mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru jijini Nairobi. Wanaofika huko ni wenye maduka, wakandarasi, mawakili, madalali wa nyumba na kampuni ndogo za familia. Wengi hawabishi kwamba pesa ziliingia. Wanabisha kuhusu zilikuwa pesa za nani na ziliingia kwa sababu gani.

Sheria ya Kodi ya Mapato haitozi kodi kila shilingi inayopita mkononi mwa mtu. Inatoza mapato: faida ya biashara, mshahara, kodi ya nyumba, riba, gawio. Mkopo si mapato, kwa kuwa utarudishwa. Zawadi kutoka kwa ndugu si mapato ya biashara. Mtaji ambao mwenye duka ameutoa kwenye akiba yake na kuutia dukani si mapato, wala pesa alizohamisha kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine. Haya hata KRA inayakubali. Ugomvi ni juu ya nani athibitishe, na kwa karatasi gani.

Njia iliyoanza na wauza pombe

Kuhesabu mapato ya mtu kupitia akaunti zake si jambo lililobuniwa Nairobi. Nchini Marekani njia hii ilipata nguvu katika miaka ya 1930, serikali ilipokuwa ikiwaandama wafanyabiashara wa pombe haramu ambao hawakuweka vitabu vya hesabu. Mwaka 1935 mahakama moja ya rufaa ya nchi hiyo ilithibitisha hukumu ya kukwepa kodi dhidi ya Leon Gleckman wa mji wa St. Paul, Minnesota. Majaji walisema pesa kuwekwa benki, peke yake, hakuthibitishi kwamba mtu ana mapato ya kutozwa kodi. Lakini ikiwa inajulikana mtu huyo ana biashara yenye faida, na anaweka pesa mara kwa mara kwa mtindo wa mtu anayefanya biashara, ni haki kudhani kwamba pesa hizo zimetoka kwenye biashara hiyo.

Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Holland, iliyohusu njia iliyo jirani na hii, ile ya kupima jinsi mali ya mtu inavyoongezeka mwaka hadi mwaka. Mahakama iliikubali njia hiyo lakini ikaiwekea masharti. Sharti moja lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya ukaguzi wa kodi: mtuhumiwa akitoa maelezo ya chanzo cha pesa, na maelezo hayo yanaweza kukaguliwa, serikali lazima iyafuatilie. Asipotoa maelezo yoyote, serikali hailazimiki kuzunguka dunia ikitafuta kila chanzo kinachowezekana.

Kesi hizo mbili zilikuwa za jinai, ambako serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha. Migogoro ya Kenya tunayoizungumzia hapa ni ya madai, na kwa upande huo sheria imeugeuza mzigo. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinasema mlipakodi ndiye atakayethibitisha kwamba uamuzi wa kodi si sahihi. Sheria ya Jopo la Rufaa za Ushuru inarudia hilo katika kifungu cha 30. KRA nayo ina ruhusa ya kukadiria kodi kwa taarifa ilizo nazo pale mtu asipotuma ritani, na ya kurekebisha hesabu ya aliyetuma. Stetimenti ya benki ni taarifa kama nyingine, na mara nyingi ndiyo pekee iliyopo.

Kuna sababu nzuri ya sheria kuwa hivyo. Anayejua pesa zilitoka wapi ni mwenye akaunti. Mkaguzi anaona tarehe, kiasi na pengine jina tu. Kama KRA ingelazimika kuthibitisha chanzo cha kila shilingi, mtu asiyeweka vitabu kabisa angekuwa salama kuliko yule anayeviweka, na hakuna nchi inayoweza kukusanya kodi kwa utaratibu huo.

Akaunti moja, pesa za watu wengi

Shida ni kwamba hesabu hii ya kujumlisha inaichukulia akaunti kama droo ya kaunta dukani, ambamo kinachoingia ni mauzo. Akaunti ya Mkenya wa kawaida haifanani na droo hiyo. Inaingia pesa ya chama kwa sababu mwenye akaunti ndiye mweka hazina. Inaingia michango ya matanga au ya bili ya hospitali kwa sababu namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Inaingia pesa ya kaka aliye ng'ambo, ambayo kesho yake inatoka kwenda kwa fundi anayemjengea nyumba kijijini. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na nyingi ya pesa hizo zilipitia kwenye akaunti na simu za watu ambao hawakuwa wamiliki wake wa mwisho.

Wakala wa M-Pesa ni mfano ulio wazi zaidi. Pesa anazozungusha kwa siku zinaweza kuwa nyingi kuliko mshahara wake wa mwaka, lakini kilicho chake ni kamisheni tu. Ukijumlisha pesa zinazoingia kwenye akaunti yake ya benki, utamwona tajiri.

Halafu kuna kuhesabu mara mbili. Mteja analipa dukani kupitia Lipa na M-Pesa. Jioni mwenye duka anahamishia pesa hizo benki. Wiki ijayo anatoa sehemu yake, safari ya kununua bidhaa inaahirishwa, anairudisha. Mkaguzi aliye na stetimenti ya M-Pesa na ya benki asipozilinganisha mstari kwa mstari, shilingi moja ya mauzo inakuwa tatu. Cheki iliyorudi, amana ya muda maalumu iliyoiva, malipo yaliyorejeshwa kwa kosa la namba: vyote hivi vinaonekana upande wa kuingia.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye viwango vya sheria vya kweli. Mwanamke ana duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi milioni 3.6. Kwa kuwa yako kati ya milioni 1 na milioni 25, analipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, yaani shilingi 108,000. Hajajisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, na halazimiki, kwa kuwa kiwango cha kujisajili ni mauzo ya milioni 5 kwa mwaka.

Sasa KRA inapata stetimenti zake na kuona zimeingia shilingi milioni 9. Zile milioni 5.4 za ziada zimetoka pande nne: mkopo wa benki wa milioni 1.5, uhamisho wa 800,000 kutoka akaunti yake nyingine, 700,000 za kaka yake aliye Qatar, na milioni 2.4 za chama anachokiwekea hazina. Chama hicho kina wanachama 20, kila mmoja anachanga shilingi 10,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua 200,000 zote.

Zote zikihesabiwa kuwa mauzo, kodi ya mauzo inaongezeka kwa shilingi 162,000. Hiyo inauma lakini inalipika. Pigo ni VAT. Milioni 9 zimevuka milioni 5, kwa hiyo anaambiwa alipaswa kujisajili na kutoza asilimia 16. Ikihesabiwa juu ya milioni zote 9, VAT ni shilingi 1,440,000, pesa ambazo hakuwahi kumtoza mteja hata mmoja. Pamoja na ile kodi ya mauzo ya ziada, anadaiwa shilingi 1,602,000 kabla ya adhabu na riba, kwa duka ambalo mauzo yake yote, kabla ya kutoa bei ya saruji na mabati, ni milioni 3.6.

Tazama sasa ni kipi kinachoamua kesi yake. Mkopo wa benki unathibitika kwa barua ya benki. Uhamisho unaonekana kwenye stetimenti mbili. Pesa za kaka zina risiti ya kampuni iliyozituma. Hizo zikikubaliwa zote, milioni 3 zinaondoka, zinabaki milioni 6, na bado amevuka kiwango cha VAT. Kitakachomwokoa ni chama. Milioni 2.4 zikiondolewa, anarudi kwenye milioni 3.6 zake na deni lote linaanguka. Na chama ndicho chenye daftari la mkono, ambalo kurasa zake zimelowa chai, na wanachama watatu kati yao wamehamia kaunti nyingine.

Ni ushahidi gani unaosimama

Jopo na Mahakama Kuu wamesema mara nyingi kwamba si kila pesa inayoingia benki ni mapato. Wamesema pia, katika kesi nyingi zaidi, kwamba mlipakodi aliyekuja na maneno bila nyaraka ameshindwa kuutua mzigo wake. Ukisoma maamuzi hayo kwa mfululizo, utaona kwamba anayeshindwa mara nyingi ni yule ambaye maelezo yake yalikuwa ya jumla. "Zilikuwa pesa za familia" haitoshi. Kinachohitajika ni jedwali linaloonyesha kila kiasi kinachobishaniwa, tarehe yake, aliyetuma, sababu, na karatasi inayounga mkono.

Mkopo wa rafiki ni mgumu kuliko wa benki. Barua ya makubaliano iliyoandikwa baada ya KRA kubisha hodi haina uzito mkubwa, na swali linalofuata huwa kama huyo rafiki alikuwa na uwezo wa kukopesha kiasi hicho. Stetimenti yake inayoonyesha pesa zikitoka siku hiyo hiyo ni bora kuliko viapo vitatu vya mashahidi. Marejesho yaliyokwisha kulipwa ni bora zaidi.

Aliyeuza kiwanja ana mkataba, hati ya uhamisho na risiti ya ushuru wa stempu, basi anadhani yuko salama. Huenda. Lakini kwa kueleza chanzo hicho amefungua mlango mwingine, kwa kuwa faida ya kuuza ardhi inatozwa kodi yake, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Ni vyema kujua hilo kabla ya kuipeleka karatasi.

Kwa chama, ushahidi wenye nguvu mara nyingi uko kwenye stetimenti ileile ambayo KRA imeitumia. Michango 20 ya shilingi 10,000 kati ya tarehe 1 na tarehe 5, kisha 200,000 kutoka kwenda kwa jina moja tarehe 6, mwezi baada ya mwezi, na jina likibadilika kwa zamu. Hakuna duka la vifaa vya ujenzi linalouza kwa mtindo huo. Tatizo ni kwamba uchambuzi wa kujumlisha unasoma safu ya kuingia peke yake. Safu ya kutoka, ambayo ndiyo inayosimulia kisa, inabaki kando mpaka mlipakodi mwenyewe aioneshe.

Hapa ndipo sharti la kesi ya Holland lingesaidia, hata kama halifungi mahakama za Kenya. KRA inaweza, kwa ilani tu, kumtaka mtu yeyote, benki ikiwemo, atoe rekodi zinazomhusu mlipakodi. Mwenye duka hana uwezo huo. Hawezi kuilazimisha benki ya mwanachama aliyehamia Turkana kutoa stetimenti yake. Akitaja majina 20 na namba zao, na mkaguzi asipige hata simu moja, kisha deni likathibitishwa kwa sababu "hakuna ushahidi", sheria imefuatwa lakini ukweli haujatafutwa. Mzigo wa kuthibitisha ulio juu ya mlipakodi haumzuii mkaguzi kukagua.

Upande wa gharama nao hausahauliki. Hata pale ambapo pesa ni mauzo kweli, kwa anayelipa kodi ya mapato ya kawaida, mauzo si faida. KRA hudai risiti za bidhaa zilizonunuliwa, na tangu Januari 2024 gharama ya biashara inatakiwa kuwa na ankara ya mfumo wa eTIMS ili ikubaliwe, isipokuwa katika mambo machache yaliyosamehewa. Aliyenunua mchanga kwa dereva wa lori barabarani atajikuta anatozwa kodi juu ya pesa aliyomlipa dereva.

Siku 30, 60 na 30

Pingamizi lazima lifike KRA ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio. Lazima liseme kwa usahihi ni kipi kinapingwa, marekebisho gani yanatakiwa na kwa nini, na nyaraka ziambatane nalo. Sehemu ya kodi isiyobishaniwa inalipwa. Watu wengi hupoteza hapa, kabla ya mtu yeyote kuangalia chanzo cha pesa, kwa kuandika barua ya kulalamika badala ya pingamizi.

Likipokelewa kihalali, KRA ina siku 60 za kuamua. Isipoamua katika muda huo, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa, na mahakama zimelisimamia hilo kwa ukali. Ikiamua dhidi ya mlipakodi, ana siku 30 za kuwasilisha ilani ya rufaa mbele ya Jopo. Kutoka hapo kuna Mahakama Kuu, na katikati kuna njia ya usuluhishi nje ya Jopo, ambako kesi za stetimenti hufaa sana kwa kuwa pande mbili zinaweza kukaa na kupitia mistari mmoja mmoja.

Mkenya ana nafuu moja ambayo jirani yake hana. Tanzania, anayepinga makadirio anatakiwa kwanza kulipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kiasi chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna ampunguzie. Kwa deni la milioni 1.6 hiyo ni zaidi ya nusu milioni ya kupata tu haki ya kusikilizwa.

KRA kwa kawaida inaweza kurudi nyuma miaka mitano, na zaidi pale inapodai kuna udanganyifu au uzembe wa makusudi. Mlipakodi naye anatakiwa kutunza rekodi kwa miaka mitano. Benki, chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, hutunza za kwake kwa angalau miaka saba. Kwa hiyo pesa iliyoingia mwaka wa tano nyuma iko salama kwenye kompyuta ya benki, ila sababu yake iko kwenye kichwa cha mtu, ikiwa bado anaikumbuka.

Nani aone akaunti

Swali la uwezo wa KRA kuona pesa za watu limekuwa la kisiasa. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kuiondolea KRA sehemu ya masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data inapofanya kazi ya kutathmini na kukusanya kodi. Mswada wote uliondolewa mwezi Juni mwaka huo baada ya maandamano ya vijana. Mwaka 2025 serikali ilirudi na pendekezo la kufuta kifungu kinachoizuia KRA kuwataka wafanyabiashara waiunganishe mifumo yao nayo kwa namna inayofichua siri za biashara na data binafsi za wateja. Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ililikataa.

Mjadala huo ulikuwa juu ya faragha, na ni sawa. Lakini kuna hoja nyingine ambayo haikupewa nafasi ya kutosha: data zaidi bila kubadilisha namna ya kuzisoma itazaa barua nyingi zaidi kama ile iliyomfikia mwenye duka wetu. Mashine inayojumlisha safu ya kuingia kwa akaunti milioni moja itakosea kwa kasi kubwa kuliko mkaguzi mmoja mwenye kikokotoo. Kinachokosekana ni utaratibu ulioandikwa, unaomlazimu mkaguzi kuondoa uhamisho wa ndani, mikopo ya benki na malipo yaliyorejeshwa kabla ya kutoa makadirio, na kufuatilia maelezo aliyopewa. Hayo hayahitaji sheria mpya ya Bunge.

Kwa upande wa wenye akaunti, hatua iliyo rahisi kuliko zote ni kuzitenganisha pesa. Tangu mwaka 2022 Kenya ina sheria ya usajili wa vikundi vya jamii, na chama kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake chenyewe. Ile milioni 2.4 ikipita kwenye akaunti ya chama, haitaonekana kwenye stetimenti ya mwenye duka hata mara moja. Itamgharimu safari moja ya ofisi ya kaunti ndogo, na kikao kimoja cha kuwashawishi wanachama 19 kwamba kuacha kutumia akaunti yake si dalili ya kutomwamini.